Treni ya Matofali ya Plastiki Ikigoma: Anzia Chini, Mota Baadaye

Mpwa wangu alikuja Tabora likizo akitokea Kigoma, mkononi ana boksi la viatu limejaa vipande vya plastiki. Kabla chai yangu haijapoa alikuwa ameshazungusha reli kwenye miguu ya meza ya sebuleni, kichwa kimoja mbele na mabehewa manne nyuma. Akawasha. Treni ikanyoosha vizuri mpaka kwenye kona ya chini ya kabati, behewa la tatu likaacha njia na kulivuta la nne. Akairudisha relini, ikaanguka palepale. Mara ya tatu akakunja uso: "Mjomba, hii mota mbovu."

Mota ilikuwa nzima. Naunda treni za matofali haya muda mrefu sasa, na nimezoea kuona mota ikifunguliwa bisibisi kwa kosa ambalo si lake. Sisi tuliokulia jirani na stesheni tuliona wakubwa wanavyofanya. Treni ikisimama, mkaguzi anapita kando yake na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja, anasikiliza, anahamia jingine. Gurudumu zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti butu. Yule mtu alikuwa anaanzia chini, kwenye chuma kinachogusa chuma. Ya dereva na injini yake yana watu wake.

Basi na hapa tuanzie chini.

Kidole kwanza

Zima kila kitu. Toa kichwa cha treni pembeni. Chukua behewa moja, liweke relini, lisukume kwa kidole mzunguko mzima, polepole, kidole kikiwa nyuma ya behewa, chini kabisa, usawa wa magurudumu. Ukilisukuma kwa juu unaliinamisha mwenyewe halafu unalilaumu. Fanya hivyo kwa kila behewa.

Majibu yanakuja ya aina nne. Mabehewa yote yakikwama au kuruka mahali pamoja, ugonjwa uko kwenye reli. Behewa moja likisumbua kila kona na mengine yakapita, ugonjwa uko kwenye behewa hilo. Kila moja likipita peke yake lakini yakiunganishwa yanaanguka, tafuta kwenye viunganishi, uzito na mpangilio. Yote yakipita kwa kidole, peke yake na kwa pamoja, hapo ndipo mota na betri zinapoingia kwenye orodha ya washukiwa. Jaribio hili linachukua dakika tano, na linakuokoa usifungue kitu ambacho hakijaharibika.

Sharti jingine ni moja tu: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ubadilishe kingine. Ukihamisha bogi, ukaongeza uzito na kunyoosha reli kwa mpigo, treni ikipona hutajua kilichoiponya, na wiki ijayo utarudi kubahatisha.

Bogi kwa maana ninayoitumia hapa ni kile kigari kidogo cha magurudumu manne kinachozunguka chini ya behewa, si behewa lenyewe kama wengine wanavyoliita.

Vipimo vichache vya kukaa navyo kichwani, maana nitavirudia. Kinundu ni kile kidoti cha juu ya tofali kinachoshikana na tofali jingine; kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinundu cha jirani ni milimita 8. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6, na tofali bapa lina 3.2, kwa hiyo bapa tatu zinalingana na tofali moja. Kipande cha reli iliyonyooka cha LEGO, kampuni maarufu ya matofali haya, kina urefu wa vinundu 16, yaani milimita 128. Kona yao ya kawaida ina nusu kipenyo cha vinundu 40, sawa na milimita 320 kupima katikati ya njia, na vipande 16 vinafunga duara. Matofali ya makampuni mengine yanayoingiliana na LEGO mengi yanafuata vipimo hivihivi, ingawa si yote yanavifuata kwa uaminifu uleule.

Behewa lilelile linaacha njia kwenye kona

Hii ndiyo kesi ninayoletewa mara nyingi kuliko zote.

Kwanza linyanyue behewa, lishike hewani, uzungushe bogi kwa kidole. Inatakiwa izunguke bila kusita, kushoto na kulia, na ukiiachia isirudi yenyewe kama ina springi. Ikikwama, tazama kinachoizuia: ngazi ya mlango, tangi la mafuta ulilolipachika chini kwa ajili ya urembo, au ukuta wa behewa ulioshuka bapa moja zaidi ya inavyofaa. Behewa la mpwa wangu lilikuwa na ngazi nne za abiria, nzuri kwa kweli, kila moja imekaa mbele ya gurudumu. Kwenye reli iliyonyooka haziguswi. Kwenye kona bogi inageuka, gurudumu linagonga ngazi, bogi inaacha kugeuka, na gurudumu ambalo halijageuka lina kazi moja tu iliyobaki, kupanda juu ya reli.

Izunguke kiasi gani? Inategemea umbali kati ya mhimili wa bogi ya mbele na wa nyuma, yaani zile pini ambazo bogi zinazungukia. Ikiwa mihimili imeachana vinundu 20, kwenye kona ya vinundu 40 kila bogi inahitaji kugeuka karibu digrii 14 na nusu. Ipe nafasi ya digrii 20, maana reli ya sakafuni haikai kwenye hesabu.

La pili ni urefu. Behewa lenyewe halipindi, limenyooka kama rula juu ya kona. Tumbo lake la katikati linaingia ndani ya kona, na pua zake mbili zinatoka nje. Kuna hesabu nyepesi ya hili. Kwa upande wa tumbo, chukua umbali kati ya mihimili ya bogi, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. Vinundu 20 ni milimita 160. Mia moja sitini mara mia moja sitini ni 25,600. Mara nane ya 320 ni 2,560. Jibu ni milimita 10. Tumbo la behewa linaingia ndani sentimita moja nzima. Likikutana na mguu wa meza, nguzo ya jukwaa la stesheni au treni ya njia ya pili, linasimama.

Kwa upande wa pua, chukua urefu wote wa behewa uliozidishwa kwa wenyewe, utoe ule wa mihimili, ugawe kwa hiyohiyo 2,560. Behewa la vinundu 28 ni milimita 224, na jibu linakuja 9.6. Yaani behewa la vinundu 28 lenye mihimili iliyoachana vinundu 20 linatoka nje karibu sawasawa na linavyoingia ndani. Huo ndio mgawanyo ninaoupenda: umbali wa mihimili uwe kama asilimia 70 ya urefu wa behewa. Ukizisogeza bogi mwisho kabisa, tumbo linazidi. Ukizirundika katikati, pua inarushwa nje, na kwa kuwa wengi wanafunga kiunganishi kwenye pua ya behewa, inamvuta jirani yake nje ya reli. Kiunganishi kifungwe kwenye bogi, sio kwenye sakafu ya behewa. Hapo kinafuata reli, hakifuati pua.

Kwa kichwa cha zamani cha mvuke chenye magurudumu makubwa matatu kila upande, yaliyofungwa kwenye fremu moja, tatizo ni hilohilo kwa sura nyingine. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakiwa yameachana vinundu 8, lile la katikati linatakiwa lihame milimita 1.6 kwenye kona, na ukingo wake, ule mdomo unaolizuia gurudumu lisitoke relini, haulipi ruhusa. Dawa ni kuweka gurudumu lisilo na ukingo katikati. Kwa kichwa kirefu zaidi ya hapo, kigawe chini. Vichwa vya Garratt vya daraja la 59, ambavyo Beyer Peacock ya Manchester iliviunda kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki miaka ya 1950, vilikuwa hivyo: boila katikati, injini mbili kila moja imekaa kwenye kigari chake kinachogeuka, na dude zima linapinda kona kama mtu mnene mwenye kiuno laini. Ukitaka kuunda kitu kikubwa kwa matofali, iga hapo.

Kuna mpangilio mmoja wa reli unaoangusha hata behewa zima: kona ya kushoto inayofuatwa papo hapo na kona ya kulia. Behewa la mbele linatupwa huku, la nyuma linatupwa kule, kiunganishi kinabaki kinapindwa katikati. Weka kipande kimoja kilichonyooka kati ya kona hizo mbili. Kimoja kinatosha kwa mabehewa ya vinundu 28, kwa marefu zaidi weka viwili.

Na la mwisho kwenye kona ni uzito. Mabehewa yote yakipita peke yake lakini treni nzima inaanguka, tena inaanguka kwa ndani ya kona, uliza lipi ni jepesi na limekaa wapi. Kichwa kinavuta kwa mbele, mabehewa mazito yanagoma kwa nyuma, na kamba iliyonyooshwa kati yao inataka kukata kona. Behewa jepesi lililo katikati ndilo linalovutwa ndani na kuanguka. Reli za kweli nazo zina tatizo hili, ndiyo maana mabehewa mazito yanapangwa mbele. Fanya hivyo, au lipe jepesi uzito. Mimi natumia sarafu za shilingi mia, nazilaza kwenye sakafu ya behewa chini ya bapa. Zikae chini. Uzito ukiwekwa juu ya paa umejitafutia ugonjwa mpya.

Kila behewa linaruka mahali pamoja

Hapa usiguse behewa. Lala chini, shavu sakafuni, jicho moja limefumba, utazame reli kwa urefu wake. Utaona.

Mara nyingi ni kiungio cha vipande viwili ambacho hakijaingia mpaka mwisho. Pitisha kucha juu ya kiungio, kucha ikikwaruza, gurudumu nalo linakwaruza. Mara nyingine ni sakafu. Sementi za nyumba zetu nyingi hazikupigwa kwa pimamaji ya kujivunia, na mkeka ndio mbaya zaidi kwa sababu unapanda na kushuka kila unapoukanyaga. Tandika ubao, au panga matofali bapa chini ya mataruma kila baada ya kipande. Chembe ya mkate iliyokaa kando ya reli kwa ndani inatosha kurusha behewa jepesi, maana ukingo wa gurudumu unapita hapohapo.

Kwa waliogandisha reli yao juu ya ubao karibu na dirisha, kuna jambo la Oktoba. Plastiki hii inaitwa ABS, na inarefuka kwa joto mara sita au saba zaidi ya chuma cha reli. Njia ya mita 3 ikipata joto la nyuzi 15 zaidi inarefuka milimita 3 hadi 4. Ikiwa umeibana ncha zote mbili kwa misumari haina pa kwenda, itapinda pembeni au kunyanyuka. Asubuhi treni inapita, saa nane mchana inaanguka, jioni inapita tena, na mtu anaanza kutaja wachawi. Bana katikati tu, ncha ziachie.

Kwenye swichi

Swichi hapa ni pale njia ya reli inapogawanyika mbili, na ulimi ni kile kipande kinachohama kuchagua njia. Ulimi wa swichi za kuchezea nyingi unashikwa na springi. Treni inayotokea upande wa kuungana inausukuma ulimi yenyewe na kupita. Kichwa kinaweza, ni kizito. Behewa jepesi linaloanza kusukumwa kinyumenyume haliwezi, linapanda juu ya ulimi. Kwa hiyo elekeza swichi kabla treni haijafika, usiitegemee springi. Na ulimi ukiwa hauegemei reli mpaka mwisho, toa vumbi kwa mswaki mkavu. Aliyeamua kuunda makutano ya Tabora, yaani njia ya Dar es Salaam, ya Kigoma na ya Mwanza zikikutana sebuleni, atakutana na swichi nyingi, na atazijua tabia zake bila mimi kuzieleza.

Mabehewa yanaachana njiani

Viunganishi vya sumaku vina uzuri wake: mtoto akivuta vibaya vinaachia badala ya kuvunjika. Ubaya ni kwamba vinaachia.

Anza na urefu wa kimo. Weka mabehewa mawili kwenye reli iliyonyooka, uyakaribishe bila kuyagusisha, utazame kwa ubavu. Sumaku zinatakiwa zitazamane uso kwa uso. Moja ikiwa juu ya mwenzake kwa bapa moja, zinashikana kwa nusu ya uso, na nusu ya uso haivuti mabehewa sita. Hii inatokea sana ukichanganya bogi za seti tofauti, au bogi uliyojitengenezea na ya dukani.

Mabehewa mawili yanayosukumana badala ya kuvutana yana sumaku zilizotazamana ncha za jina moja. Geuza behewa moja, nyuma iwe mbele. Yakivutana, umejua. Sumaku inayoweza kuzunguka kwenye kishikio chake itakuwa imekwama kwa uchafu, isafishe izunguke. Ya kugandishwa utalazimika kukumbuka upande wake, weka alama ya kalamu chini ya behewa.

Treni ikiachana kwenye mlima tu, tazama mlima wenyewe. Kuinua reli bapa moja kwa kila kipande cha vinundu 16 ni kupanda milimita 3.2 kwa kila 128, asilimia 2.5. Kuinua tofali zima kwa kila kipande ni asilimia 7.5, na huo si mlima tena, ni ukuta. Watu wanaunda ukuta kwa sababu wamebakiwa na vipande vichache, halafu wanaishangaa treni. Pale mlima unapoanza, behewa la mbele linanyanyua pua wakati la nyuma bado limelala, na sumaku zinateleza moja juu ya nyingine. Anza na bapa moja hata kama huko mbele utaongeza mwendo wa kupanda.

Na ukifika mabehewa kumi na kichwa kimoja, kiunganishi cha kwanza kinabeba mzigo wa yote kumi. Weka kichwa cha pili katikati, au funga mabehewa mawili mawili kwa pini badala ya sumaku. Mimi nafunga kwa pini yale ambayo sitayatenganisha kamwe.

Mota inaunguruma, treni haiendi

Sasa tumefika kwa mota, na bado huenda si yeye.

Nyanyua kichwa hewani, washa. Magurudumu yakizunguka kwa kasi hewani lakini yakiwa relini yanateleza, unakosa mshiko. Magurudumu yanayoendeshwa yanavaa kipete cha mpira, angalia kama kipo, kama kimekauka, kama kimepakwa mafuta. Kioshe kwa maji na sabuni, ukifute. Kisha angalia uzito uko wapi. Boksi la betri ndilo kitu kizito kuliko vyote kwenye treni, na nimeona watu wakiliweka kwenye behewa la nyuma ili kichwa kikae kizuri, halafu kichwa kinazungusha magurudumu bure kama gari lililokwama kwenye tope la masika. Liweke juu ya mota.

Ukiwa na mota mbili na treni inatetemeka bila kwenda popote, moja inavuta Kigoma na nyingine Dar es Salaam. Bogi mbili zilizogeuziana migongo zinazunguka kinyume kwa waya uleule. Geuza moja, au badilisha upande wa waya kama mfumo wako unaruhusu.

Magurudumu yakizunguka kwa shida hata hewani, toa ekseli. Utakuta unywele. Utakuta uzi wa zulia. Tumia sindano na kibano. Vinasukwa kwenye ekseli taratibu mpaka vinakuwa kama kamba, na kila mzunguko unazidi kubana. Ikiwa umejitengenezea bogi kwa ekseli ya plastiki iliyopita kwenye tundu la tofali, acha mwanya wa unene wa karatasi kati ya gurudumu na tofali. Ukilisukuma gurudumu mpaka mwisho linasugua, na mabehewa matano yanayosugua kidogo kidogo ni breki moja kubwa.

Kupima msuguano sihitaji kifaa. Naweka behewa kwenye kipande kimoja cha reli, nanyanyua ncha moja kwa bapa. Mabehewa yangu mazuri yanaanza kuteremka yenyewe nikifika bapa mbili. Likigoma hata nikiweka tofali zima, kuna kitu kinasugua na sitalifunga kwenye treni mpaka nikione.

Usipake mafuta ya kupikia. Yanalainisha siku mbili, siku ya tatu yameshika vumbi lote la Tabora. Petroli na tina ndiyo kabisa usiviguse. Nilishawahi kuosha magurudumu kwa tina kwa haraka zangu, nikijua inaondoa grisi. Iliiondoa grisi, ikaondoa na ukingo wa magurudumu mawili, plastiki ikawa laini kama ubani uliotafunwa.

Inakwenda, kisha inakufa

Ikipungua kasi taratibu mpaka kusimama, ni betri. Mifumo mingi ya treni hizi inatumia betri sita ndogo. Za kutupa zina volti 1.5 kila moja, jumla 9. Za kuchaji zina 1.2, jumla 7.2. Kwa hiyo ukihamia za kuchaji treni itakuwa ya polepole tangu mwanzo, na hiyo si hitilafu. Kosa ni kuchanganya: betri tano mpya na moja ya zamani uliyoitoa kwenye rimoti ya televisheni. Hiyo moja inazivuta zote chini. Badilisha zote sita pamoja.

Ikisimama ghafla, ukasubiri dakika chache, ikaondoka tena kama haijafanya kitu, mota imejikinga. Mota za LEGO zina kinga ndani inayokata umeme joto likizidi na kuurudisha zikipoa. Ujumbe wake ni kwamba mzigo umezidi. Rudi kwenye nywele, mlima na idadi ya mabehewa.

Wachache wenye seti za zamani za volti 9, zile za kuanzia 1991 ambazo umeme unapita kwenye reli za chuma, wasafishe reli kwa kitambaa na wakague viungio. Na wasiunde kitanzi kinachoirudisha treni kwenye njia ileile ikiwa imegeuka: reli ya kushoto inakutana na ya kulia, umeme unapiga shoti. Kwa treni za betri kitanzi hicho hakina shida.

Rimoti inafanya kazi ndani, barazani haifanyi

Ni jua. Rimoti za miale ya infraredi zinazungumza kwa mwanga usioonekana, na jua la Tabora saa sita lina mwanga huohuo kwa wingi wa kumzamisha mpokeaji. Sogea kivulini au mfunike mpokeaji kipaa kidogo cha matofali. Mifumo mipya inayotumia bluetooth haina ugonjwa huu.

Matofali yenyewe hayashiki

Ukichanganya matofali ya makampuni tofauti, tegemea baadhi kubana mpaka unatumia meno na mengine kudondoka yenyewe. Usiyachanganye sehemu zinazobeba mzigo. Fremu ya behewa, bogi na kiunganishi vitoke kwenye kundi moja unaloliamini. Kuta na paa weka utakacho. Meno acha kabisa, alama zake hazifutiki.

Matofali ya mitumba yanayokuja na uchafu yaoshe kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni, uyaanike kivulini. Ukiyaweka juani juu ya bati yatajikunja, na meupe yatageuka manjano kwa kukaa juani muda mrefu.

Imepita kona zote lakini haifanani

Hili si la ufundi lakini linaletwa kwangu kama hitilafu. Mtu ameunda behewa la reli yetu ya zamani, anasema linaonekana jembamba kama kiberiti. Sababu iko kwenye geji, yaani upana kati ya reli mbili. Reli ya LEGO ina upana wa karibu milimita 37.5 ndani kwa ndani. Ukiichukua kama geji ya SGR, milimita 1,435, uko kwenye skeli ya 1 kwa 38. Ukiichukua kama reli yetu ya mita moja, skeli inakuwa kama 1 kwa 27, na behewa la upana wa mita 2.7 linadai vinundu 12 au 13. Matoleo mengi ya dukani yana upana wa 6. Mimi naunda kwa 8, najua nimedanganya, na nasimama hatua mbili nyuma ninapoitazama.

Mpwa wangu hakutaka kudanganya. Baada ya kuondoa zile ngazi nne, treni yake ilizunguka vizuri siku nzima, basi akataka kupakia MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, juu ya behewa la wazi, aipeleke Kigoma. Nikamwambia meli ile ina urefu wa karibu mita 71, kwa skeli yetu ni zaidi ya mita mbili na nusu, itatoka dirishani. Akaunda ndogo, ya vinundu 24, ndefu kwenda juu. Kona ya kwanza behewa likalala ubavu.

"Umeweka uzito juu," nikamwambia.

"Sasa wao waliifikishaje, Mjomba?"

Nikamweleza. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa yote, ikapakiwa kwenye maelfu ya maboksi, ikapandishwa treni kutoka Dar es Salaam kupitia hapahapa Tabora, kwenye reli iliyofika Kigoma 1914. Kule ikaunganishwa upya, na 1915 ikashushwa ziwani. Akaniangalia kuona kama namtania, kisha akaibomoa meli yake, akaipanga vipande bapa kwenye mabehewa manne, mazito mbele. Ikapita chini ya kabati mara tatu bila kusita. Bomba la moshi peke yake lilikosa nafasi, akalitia mfukoni.